"Nilikuwa Natania Tu": Somo Kuhusu Simu za Uongo, Polisi Wenye Silaha na Amri ya Nane



Wapendwa waseminari na waamini wenzetu wa Mbeya, Iringa na kwingineko, somo la leo linahusu dhambi ambayo wengi huiona kuwa utani: kupiga simu ya dharura huku ukijua dharura yenyewe haipo.

Namba tunazijua: 112 ya Polisi, 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Maofisa wa Zimamoto wamelalamika mara nyingi kuhusu simu za mzaha. Anayekumbuka soko la SIDO pale Mwanjelwa lilivyoungua Agosti 2017 anajua dakika chache za gari la maji zina thamani gani. Lakini hatari huzidi pale anayeitwa kwa uongo anapokuja na bunduki.

1. Mambo mawili yaliyotokea

Tarehe 28 Desemba 2017, katika mji wa Wichita, Marekani, polisi walipata taarifa kwamba mtu amempiga baba yake risasi na amewashikilia ndugu zake mateka. Taarifa ilikuwa ya uongo mtupu. Vijana wawili walikuwa wamegombana kwenye mchezo wa kompyuta. Mmoja alimtuma mtu wa tatu, aliyekuwa Los Angeles, ampelekee mwenzake polisi. Huyo mwenzake alikuwa ametoa anwani ya nyumba ambayo hakuishi tena, akamchokoza ajaribu. Polisi wakaizunguka nyumba ile. Mkazi wa nyumba hiyo, baba wa watoto wawili asiyejua lolote kuhusu ugomvi huo, alifungua mlango aone kuna nini. Ofisa mmoja, akidhani anachomoa silaha, alifyatua risasi moja. Akafa. Mwaka 2019 aliyepiga simu alihukumiwa kifungo cha miaka 20.

Tusiseme hayo ni ya Ulaya na Marekani. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka kituo cha Selian, Arusha, na dereva wao walifika kuchukua sampuli za udongo. Ukapigwa ukelele kwamba ni wanyonya damu. Watu wakakusanyika, wakawaua wote watatu na kuchoma gari lao. Kule aliyeua ni askari aliyeitwa kwa simu. Huku ni umati ulioitwa kwa yowe. Chanzo ni kimoja: neno lisilo kweli lililofika kwa wenye uwezo wa kuua, wakalitenda kabla ya kuuliza.

2. Neno la Mungu

Mithali 26:18-19 inamfananisha anayemdanganya jirani yake kisha akadai alikuwa anacheza tu na mwendawazimu anayerusha moto na mishale ya kuua. Wahenga wetu nao walisema: mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Tusome pia Danieli sura ya 13. Wazee wawili wanamsingizia Susana, na mkutano unawaamini kwa sababu ya heshima yao. Amekwisha kuhukumiwa kufa. Danieli anasimamisha msafara, anawatenganisha mashahidi, na kumwuliza kila mmoja swali moja: uliwaona chini ya mti gani? Wanataja miti miwili tofauti. Angalieni: Danieli hakuwa na silaha wala cheo. Alichokuwa nacho ni ujasiri wa kuuliza wakati wengine wote wamekwisha kuamini.

3. Mafundisho ya Kanisa

Katekisimu ya Kanisa Katoliki (KKK) inatusaidia kupambanua. Uongo ni kusema yasiyo kweli kwa nia ya kudanganya (2482). Basi mama anayesikia kishindo usiku, akapiga 112, kisha ikaonekana ni paka juu ya bati, hakutenda dhambi. Amekosea, hakudanganya. Tusimcheke, asije akaogopa kupiga siku wezi watakapokuja kweli.

Uzito wa uongo hupimwa kwa ukweli uliopotoshwa, mazingira, nia ya msemaji na madhara ya waliodanganywa. Ukijeruhi vikali haki na upendo, unakuwa dhambi ya mauti (2484). Tena sheria ya maadili inakataza kumweka mtu katika hatari ya kufa bila sababu nzito (2269). Kwa hiyo simu ya namna ile inagusa amri mbili: ya nane na ya tano. Na wanaoshiriki dhambi kwa kuagiza, kushauri au kusifu nao wana hatia (1868). Kule Wichita aliyepiga simu alikuwa mmoja, lakini aliyemtuma hawezi kunawa mikono.

Kitubio hakiondoi wajibu wa kurekebisha madhara (2487). Uhai hauwezi kurudishwa, lakini jina la aliyechafuliwa laweza kusafishwa, hadharani ikibidi.

4. Wajibu wa mwenye silaha

Je, askari apuuze simu? Hapana. Inayofuata inaweza kuwa ya kweli. Lakini simu ni taarifa, si hukumu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 zinataka risasi itumike pale tu panapokuwa na tishio la kifo au jeraha kubwa, tena kwa kawaida baada ya onyo la wazi na muda wa kulitii. Aliyedanganywa ana udhuru kwa kuja. Hana udhuru wa moja kwa moja kwa kila atakalotenda akishafika. Busara ya Danieli inamhusu yeye pia, na inatuhusu sisi tunaposikia "mwizi!" barabarani na mawe yakaanza kuokotwa.

5. Tufanyeje?

Wazazi, wafundisheni watoto kwamba 112 na 114 si za kuchezea. Vijana, msisambaze taarifa ya hatari kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya kuihakikisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo. Unapopiga simu ya kweli, taja mahali, ulichokiona wewe mwenyewe na ulichosikia tu kwa wengine. Tofauti hiyo ndogo yaweza kuokoa mtu asiye na hatia.

Maswali kwa jumuiya ndogo ndogo

1. Katika mtaa wetu, nani ana ujasiri wa kuuliza swali la Danieli?
2. Je, nimewahi kupeleka mbele neno ambalo sikulihakiki? Nani aliumia, na nimerekebisha nini?
3. Tuwaombee askari wetu, marehemu waliouawa kwa neno la uongo, na familia zao.