Kabla Hujashika Kasia Nyumba ya Mungu

Wadogo zangu, leo namjibu binti wa Same aliyeniandikia. Yeye na wenzake watano wamechangishana nauli, na Jumamosi wanakwenda kupanda mtumbwi kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Anauliza: "Dada, ukiacha kupiga picha, kule kuna nini cha kuangalia? Hakuna hata gofu moja la kale."

Mdogo wangu, kitu cha kihistoria unachokwenda kukiona ni hayo maji yenyewe. Kabla ya katikati ya miaka ya 1960 pale hapakuwa na bwawa. Mto Kikuletwa ulishuka na maji ya Meru na Kilimanjaro, mto Ruvu ukaja na maji ya Ziwa Jipe, ikakutana na kuwa mto Pangani. Ndipo ukajengwa ukuta, na bonde likajaa. Mitambo ya umeme ya pale ni ya megawati 8. Maji yakishaizungusha hayapumziki: yanateremka hadi Hale, kwenye megawati 21, kisha Maporomoko ya Pangani, kwenye megawati 68. Na Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi wa maji wa Same na Mwanga, ambao chanzo chake ni bwawa hilohilo. Wewe uliyekulia kwenye foleni ya ndoo, Jumamosi utakuwa umeketi juu ya maji ya bomba la mama yako.

Mkiwa katikati, mwombeni mpiga kasia apumzike kidogo, kisha mgeuke taratibu mkiwa mmekaa. Mashariki mtaiona milima ya Upare imesimama kama ukuta. Kule juu ni Ugweno, kwa wahunzi waliofua majembe ya chuma tangu kale, na Usangi, ambako miaka ya 1940 wanawake walijitokeza kuungana na waume zao kupinga kodi ya mbiru. Hao ni bibi zenu. Magharibi ni mbuga za Simanjiro, nchi ya Wamasai na mifugo yao. Kaskazini, kukiwa kweupe, Kilimanjaro inaonekana. Lakini wahini asubuhi, maana mawingu huifunika mapema.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa sina mzaha. Msikodi mtumbwi wowote mnaoukuta ufukweni. Fikeni mwaloni, salimieni wazee kwa shikamoo, kisha waulizeni viongozi wa wavuvi ni nani wa kuwapeleka. Anayevua pale kila siku anajua upepo unaanza saa ngapi, wapi kuna mamba na viboko, na wapi nyavu zimetegwa. Akisema leo hatutoki, msimwongezee fedha ili abadili mawazo. Rudini nyumbani.

Kila mmoja avae jaketi la kujiokolea, na alifunge, hata anayejua kuogelea. Wenye mitumbwi wasipokuwa na majaketi, msipande. Watu sita na mpiga kasia kwenye mtumbwi mmoja mwembamba ni wengi. Gawanyikeni kwenye mitumbwi miwili. Kaeni chini, msisimame kwa ajili ya picha, msitumbukize miguu majini. Kaeni mbali na ukuta wa bwawa na mahali maji yanapotokea, kwa kuwa mkondo wake una nguvu. Na msipige picha za mitambo bila ruhusa. Chupa mlizoenda nazo, rudini nazo. Perege wanaovuliwa humo ndiyo mahitaji ya shule ya watoto wa Lang'ata, kandokando ya bwawa, na maji hayo mnayanywa ninyi.

Mkirudi salama, anzeni kuchanga tena. Safari ijayo yafuateni maji haya mpaka yanakoishia, mji wa Pangani, mkoani Tanga. Huko, mtu aliye kwenye mtumbwi huusoma mji kutoka mtoni: boma la zamani upande mmoja, Bweni ng'ambo ya pili, na kivuko kikipita katikati. Misafara ya pembe na ya watumwa ilifikia bandari hiyo, na huko ndiko Wajerumani walikomnyonga Abushiri bin Salim, Desemba 1889, kwa kuongoza vita dhidi yao. Mtakapoiona bahari, mtajua kwamba maji yanayoingia humo yamepita kwenu kwanza.

Kwa hiyo nenda, mdogo wangu, tena nenda na swali moja la kumuuliza mpiga kasia: "Baba, kabla ya maji haya, hapa palikuwaje?" Muulize, unyamaze, umsikilize. Na kabla ya swali hilo, funga jaketi lako. Mama yako anakungoja Same.