FUNDISHO LA FAMILIA: TUWASHE TAA, TUFAGIE NYUMBA

Somo: Luka 15:8-10

Wapendwa katika Bwana, yule mama wa mfano alikuwa na sarafu kumi. Moja ilipopotea, aliwasha taa, akafagia nyumba mpaka akaiona. Nasi siku ya mgao uliopita tuliitafuta kadi ya chakula asubuhi nzima. Tuliikuta chini ya magunia matupu, lakini ugawaji ulikuwa umekwisha. Usiku ule watoto walikula unga wa kukopa kwa jirani.

Kwa nini tunarundika vitu? Tulikimbia bila kitu, ndiyo maana hata dumu lililopasuka tunaogopa kulitupa. Mungu anaujua woga huo, wala hatuhukumu. Lakini makopo yenye maji ya mvua huzalisha mbu kwa muda wa siku kumi hivi, na panya hujificha katika matambara.

Basi tufanye hivi:

1. Kadi na vyeti vyote vikae katika mkoba mmoja usiopitisha maji, utundikwe juu, na kila mkubwa wa nyumba aujue.

2. Kila jioni kabla ya sala, watoto wote, wa kiume kwa wa kike, warudishe vitu mahali pake.

3. Kila Jumamosi tuchague vitu vitatu: kimoja cha kushona, kimoja cha kumpa mgeni aliyefika juzi, kimoja cha kutupa.

Swali la kujadili nyumbani: Ni kitu gani tunakishika kwa woga, na jirani anakihitaji leo?

Bwana azibariki nyumba zetu. Amina.