MWENDO HUMTAMBULISHA MTU
(Somo la kuchora katuni itembeayo)

Mtu akija kwa mbali, twamjua kwa mwendo wake kabla hatujauona uso. Mchora sinema za katuni hana budi kuijua siri hiyo, maana katuni iendayo kama katuni zote ni sanamu tu.

Kwanza, jifunze mwendo wa kawaida. Sinema huonyesha picha 24 kwa sekunde. Hatua ya mtu asiye na haraka huchukua picha 12 hivi. Kila mchoro ukipigwa picha mara mbili, michoro 6 yatosha. Hatua ina mikao minne: nyayo zote mbili zimegusa chini, miguu imeachana, goti la mbele limekunjika, mwili umeshuka, mguu wa nyuma wapita kando ya mwenziwe, kisha mwili wainuka. Basi kichwa hupanda na kushuka kama wimbi. Asiyeshuka huonekana hana uzito, kama aeleaye.

Pili, jiulize: huyu ni nani, naye anaendea nini? Mama aliyejitwika mtungi wa maji, kichwa chake hakipandi sana wala kushuka. Magoti ndiyo yafanyayo kazi. Mtoto aliyetumwa asikotaka huinamisha kichwa na kuburuta visigino; mpe picha 18 kwa hatua. Mwenye majivuno hutanguliza kifua.

Tatu, usirundike mambo. Katika sinema ya Snow White and the Seven Dwarfs ya mwaka 1937, mbilikimo Dopey hasemi neno lolote. Mchoraji Frank Thomas alimpa kijihatua cha kuruka ili aende sawa na wenzake. Walt Disney alikipenda, akataka kitiwe na mahali pengine. Jambo moja dogo likamtambulisha.

Nne, tuwe na heshima. Ni rahisi kumchora mzee achechemeaye ili watu wacheke. Lakini mtazame vema: uone anavyouokoa mguu unaouma, anavyoitegemea fimbo, na bado anafika aendako. Ukiyachora hayo, watazamaji watamjua mtu, si kilema chake.

Sasa chukua daftari, uchore mtu mmoja pembeni mwa kurasa 12, hatua mbili kamili, kisha uzipeperushe kwa kidole gumba. Mwonyeshe mwenzako bila kusema neno. Akikuambia mtu huyo ni wa namna gani, umefaulu. Asipojua, rudi ukamtazame mtu wako tena.