Fundisho: Kujua kama Bata Mzinga Ameiva mpaka Mfupani

Ninyi wasomaji wa Mutoshi na wa vijiji vinavyouzunguka mji wa Kolwezi, siku za Noeli na Bonana zikikaribia, watu wengi huacha sombe na samaki kwa siku moja, wakatafuta nyama ya kula na bukari. Wengine huchinja kuku. Wengine hufuga bata mzinga, au hununua ndege wa barafu sokoni. Bata mzinga ni chakula kizuri, maana mmoja hushibisha nyumba nzima pamoja na wageni. Lakini ukubwa wake ndio unaoleta hatari. Nje huiva upesi, ndani hukawia. Mtu akila sehemu iliyo mbichi anaweza kuugua, na mtoto mdogo anaweza kufa. Kwa hiyo soma fundisho hili polepole, tena umsomee na yule asiyejua kusoma.

1. Kwa nini nyama mbichi ya ndege ni hatari

Katika matumbo ya ndege wafugwao hukaa vidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Vingine huitwa salmonela, vingine kampilobakta. Ndege mwenyewe huweza kuwa navyo na asionyeshe ugonjwa wo wote. Akichinjwa na kupasuliwa, vidudu hupaka nyama, na mikono, na kisu, na meza.

Mtu akivila hupata homa, maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara. Mtu mzima mwenye nguvu mara nyingi hupona baada ya siku chache. Lakini mtoto mchanga, mzee, mwanamke mwenye mimba, na mtu aliyedhoofika kwa ugonjwa mwingine, hao huumia sana.

Ujue tena kwamba vidudu hivi haviuawi kwa chumvi wala kwa pilipili. Baridi ya barafu nayo huvilaza tu. Nyama ikipata joto kidogo huamka tena. Dawa yake ni moto. Nyama ya ndege ikifika joto la digrii 74 mahali pote, mpaka ndani kabisa, vidudu hivyo hufa.

2. Macho hudanganya

Watu wa Mutoshi wanajua kazi ya mawe. Mchimbaji hanunui jiwe kwa rangi ya juu tu. Jiwe la kijani laweza kuwa na shaba kwenye ngozi yake tu, na ndani ni udongo. Jiwe jeusi laweza kuwa na kobalti, au lisiwe nayo. Basi hulivunja, akaangalia ndani. Fanya vivyo hivyo na bata mzinga.

Usiamini ngozi. Makala yakiwaka sana, ngozi hugeuka rangi nzuri, hata huungua, na paja likali bado baridi karibu na mfupa.

Usiamini rangi nyekundu peke yake, wala rangi nyeupe peke yake. Moshi wa makala huweza kuifanya nyama iliyoiva iwe nyekundu kidogo karibu na ngozi. Mifupa ya ndege mchanga nayo hutoa wekundu hata nyama ikiwa imeiva. Tena nyama nyingine hugeuka nyeupe kabla ya kufika digrii 74.

Usiamini saa peke yake. Katika tanuru lenye joto la digrii 165, ndege wa kilo 4 au 5 huhitaji muda upatao saa 3. Lakini mbabula haina joto lisilobadilika. Makala hupungua, upepo huvuma, ndege huyu ni mnene kuliko yule. Saa hukuambia wakati wa kuanza kutazama. Haikuambii kwamba ameiva.

3. Kupima kwa kipimo cha joto

Njia ya hakika ni moja: kipimo cha joto cha jikoni, chenye ncha ya chuma ya kuchoma ndani ya nyama. Watu kumi wa kijiji wakichanga fedha wanaweza kununua kimoja, wakaazimana siku za sikukuu. Usitumie kile cha kupimia homa. Hicho hakipimi joto kubwa kama hilo, na kama ni cha kioo kitapasuka.

Choma ncha katika sehemu tatu: paja mahali palipo panene kuliko pote, kifua mahali palipo panene, na pale bawa linapoungana na mwili. Ncha isiguse mfupa, maana mfupa una joto lake, nao hudanganya. Subiri mpaka namba isimame. Sehemu zote tatu zikionyesha 74 au zaidi, ameiva. Moja ikipungua, mrudishe motoni. Kila mara ukikitoa, osha ncha kwa maji ya moto na sabuni.

Kama umemjaza tumboni mchele au mboga, pima na katikati ya vitu hivyo. Navyo sharti vifike 74, kwa kuwa vimenyonya maji ya nyama mbichi. Ni heri kuvipika katika sufuria yake mbali.

4. Asiye na kipimo afanye nini

Asimpike ndege mzima. Huu ndio ushauri mkubwa wa fundisho hili. Mkate vipande: mapaja mbali, miguu mbali, mabawa mbali, na kifua ukigawe mara nne au zaidi. Kipande kidogo hupata moto upesi mpaka ndani.

Vitie vipande katika sufuria yenye maji, chumvi na kitunguu. Maji yafunike nyama yote. Yakichemka, funika, uache yaendelee kuchemka mpaka nyama ilegee mfupani. Nchi ya Kolwezi iko juu, kama mita 1,400 kupita bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye digrii zipatazo 95, si 100. Nyama hukawia kidogo kulainika, lakini 95 imepita 74 mbali sana. Nyama iliyokaa ndani ya maji yanayochemka mpaka kulegea mfupani haina shaka.

Kisha uitoe, uipake mafuta, uiweke juu ya makala ipate rangi na harufu nzuri. Fanya kazi hizi mbili siku moja, moja baada ya nyingine. Usichome nusu leo jioni ukamalize kesho asubuhi, maana usiku kucha nyama ya vuguvugu huwa shamba la vidudu.

Kabla ya kugawa, chukua kipande kinene kuliko vyote, ukikate mpaka mfupani. Tazama alama hizi nne pamoja:

Maji yanayotoka ni meupe, hayana damu.
Nyama ni ngumu kidogo kwa kidole, haing'ai wala haitelezi kama mbichi.
Nyama huachana na mfupa bila kuvutwa kwa nguvu.
Mvuke wa moto hutoka katikati, si juu tu.

Alama moja ikikosa, rudisha vyote motoni. Wageni wangoje. Njaa ya nusu saa haiui mtu.

5. Ndege wa barafu

Ndege aliyeganda akitiwa motoni vivyo hivyo, nje huungua na ndani hubaki jiwe. Myeyushe kwanza, wala si juani. Mwache katika mfuko usiopitisha maji, umtie ndani ya ndoo ya maji baridi, ubadilishe maji kila nusu saa. Ndege wa kilo 4 huhitaji saa zipatazo 4. Kisha umpike palepale. Tia mkono tumboni mwake. Ukikuta barafu, bado.

Usimwoshe chini ya maji yanayoruka, maana matone hubeba vidudu mpaka kwenye mboga na vyombo. Osha mikono yako kwa sabuni kabla na baada, na kisu, na ubao. Kisu kilichokata nyama mbichi kisikate iliyoiva mpaka kimeoshwa.

6. Mabaki

Nyama iliyoiva isikae nje kupita saa 2. Siku ya joto kali isipite saa 1. Mwenye friji aiweke humo katika vipande vidogo, naye aile katika siku 3 au 4. Asiye na friji apike kadiri ya walaji, au awagawie jirani siku ileile. Mabaki yakipashwa, yapate moto mpaka kutoa mvuke kote. Lakini nyama iliyolala nje usiku mzima itupwe, kwa kuwa sumu ya vidudu fulani haiondoki hata ukiichemsha tena.

7. Mtu akiugua

Mpe maji mara nyingi, kidogo kidogo. Tengeneza hivi: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Ukiona damu katika choo, au homa kali, au mtoto amelegea na macho yameingia ndani, usingoje kesho. Mpeleke hospitali mara moja.

Maulizo

1. Nyama ya ndege sharti ifike digrii ngapi?
2. Kwa nini ngozi nzuri si alama ya kuiva?
3. Utachoma kipimo mahali gani, na kwa nini kisiguse mfupa?
4. Asiye na kipimo afanye nini kabla ya kuweka nyama juu ya makala?
5. Taja alama nne za nyama iliyoiva.

Uwaulize watu wa nyumbani mwako maulizo haya kabla ya kuwasha makala. Atakayejibu yote ndiye apewe kisu cha kukata kipande cha kwanza.