Kwa Nini Mazoea Mapya ya Afya Hukatika Njiani

Mtu mzima apimwapo katika zahanati na kuambiwa kuwa shinikizo lake la damu limepanda, aghalabu hupewa maagizo machache: apunguze chumvi, atembee kila siku, apunguze uzito. Wiki ya kwanza huyafuata kwa bidii kubwa. Baada ya mwezi mmoja au miwili kikopo cha chumvi kimekwisha kurudi mezani, na viatu vya kutembelea vimo uvunguni. Majirani husema hana nia. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, kwani mwili una ratiba yake, nayo haifuati kasi ya kiapo.

Tuangalie chumvi kwanza. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Anayeanza kupunguza huona maharage hayana ladha hata kidogo. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani, Bertino, Beauchamp na Engelman, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo ndani yake vijana walikula chakula chenye chumvi kidogo kwa miezi mitano. Kiasi cha chumvi walichokiona kitamu katika supu kilishuka, lakini polepole, kwa muda wa miezi na si siku. Basi anayekata tamaa katika wiki ya tatu huwa amekwisha kuvumilia sehemu iliyo ngumu kuliko zote, akaacha kabla ulimi wake haujazoea.

Kuna pia suala la mazoea yenyewe. Phillippa Lally na wenzake wa jijini London walichapisha mwaka 2010 uchunguzi wa watu 96 waliojitolea. Kila mmoja alichagua tendo moja dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, akalifungamanisha na jambo analolifanya kila siku, kama vile kifungua kinywa. Kwa wale ambao maendeleo yao yaliweza kukadiriwa vizuri, muda wa kati wa tendo kuwa mazoea ulikuwa siku 66. Makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hilo lastahili kukumbukwa na kila aliyekosa kutembea Jumanne kwa sababu ya mvua, akaona kuwa juma zima limeharibika. Vilevile, “nitatembea zaidi” si mpango. “Nitatembea kila nimalizapo sala ya alfajiri” ni mpango, kwa kuwa sala huja bila kuitwa.

Isitoshe, mgonjwa halali peke yake na chungu chake. Chumvi hutiwa katika mboga ya nyumba nzima, na mwenye kuitia huenda hakuwapo zahanati. Tanzania ilikwisha kuonyesha nguvu ya kujifunza pamoja: katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kujadiliana na kuchimba vyoo. Kweli, choo kikishachimbwa hubaki, ilhali kutembea huanza upya kila asubuhi. Ndiyo maana kikundi cha wiki kumi na mbili hakitoshi kwa kazi hii.

Uzito ndio mgumu zaidi, kwa sababu mwili uliokonda huongeza njaa na kubana matumizi ya nishati. Katika jaribio la Marekani lililoanza mwaka 1996, lenye watu 3,234 waliokaribia kupata kisukari, kundi moja lilifundishwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kujishughulisha dakika 150 kwa juma. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kuwa kisukari kilipungua kwa asilimia 58 kikilinganishwa na kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Miaka kumi baada ya kuanza, wengi wa kundi hilo walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito walioupoteza; hata hivyo, kwa kipindi chote hicho, kisukari kilikuwa kimepungua miongoni mwao kwa asilimia 34.