Fuko haoni muhogo, lakini mwanga anaujua

Ndugu wakulima, katika mkutano wetu uliopita mama mmoja alileta shina la muhogo. Majani juu yalikuwa mabichi, lakini chini yalibaki maganda tu. Wengi wakasema: «Fuko iko kipofu. Toboa njia yake, weka mtego pale mlangoni, haitaona kitu.» Tukaweka mitego mitano hivyo hivyo. Asubuhi yote ilikuwa imezikwa na udongo, na fuko hata mmoja hatukupata.

Basi tuangalie jicho la huyu mnyama.

Kule Mashariki ya Kati kuna panya wa chini ya udongo ambao macho yao yamefunikwa kabisa na ngozi. Fuko wetu wa Haut-Katanga na Lualaba si hivyo. (Wataalamu wanamwita Fukomys tangu 2006: walichukua neno letu «fuko» wakaliunga na neno la Kigiriki la panya.) Macho yake yako wazi, ila ni madogo sana, na mshipa unaopeleka habari za jicho kwenye ubongo ni mwembamba. Sura yako hawezi kuitambua. Muhogo anautafuta kwa kuchimba na kunusa. Kazi kubwa ya jicho lake ni kujua kama kuna mwanga ao giza. Katika majaribio, fuko wa Zambia waliwekewa viota viwili, kimoja chenye mwanga, kingine giza. Walichagua kulala gizani. Mwanga mweupe na wa buluu waliukwepa, mwekundu hawakuujali.

Mnyama wa gizani anafaidika nini na hiyo? Njia yake ikitoboka, nyoka anaweza kuingia. Mwanga unamwambia kwamba pametoboka, na upepo vilevile. Anakuja kuziba, lakini hatoki mpaka mlangoni: anasukuma udongo mpaka giza lirudi. Ndiyo ule udongo uliozika mitego yetu!

Tulibadilisha kazi. Tafuta kichuguu kipya chenye udongo wa unyevu, chimba ufikie njia, kisha ingiza mtego ndani, urefu wa mkono hivi, pande zote mbili, maana hujui atatoka wapi. Uufunge kwa kamba kwenye kijiti. Acha tundu dogo tu la kuleta mwanga kidogo na hewa: atakuja kuziba, na atakanyaga mtego kabla ya kuanza kusukuma udongo. Mnaovizia na jembe usiku, funikeni tochi kwa kitambaa chekundu. Tena msitembee-tembee, kwa sababu mtikisiko wa ardhi anausikia vizuri kuliko anavyoona.

Ukikamata mmoja, usiondoe mitego. Fuko hawa wanaishi jamaa nzima katika njia moja, na mama mmoja ndiye anayezaa. Wengine wanachimba na kuweka akiba. Kama mzazi amebaki, wataongezeka tena.

Dawa ya sumu ndani ya tundu hatuikubali hata kidogo. Fuko ni nyama kwetu, na mtoto akiokota aliyekufa hataangalia amekufa kwa nini, ataipeleka jikoni.