Giza la Moyo na Mwaka Kogwa

Swali: Kwa nini watu wa Makunduchi hurejea kwao kila Julai kupigana kwa migomba?

Jibu: Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jua yenye asili ya Uajemi, huwakutanisha wenyeji wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako wanaume wa pande mbili hucharazana kwa mashina ya migomba ili kutoa vinyongo vya mwaka unaokwisha, huku wanawake wakiimba, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto. Desturi hii inaafikiana na wazo la mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Gustav Jung, aliyeiita sehemu ya nafsi ambayo mtu huikana "kivuli", akisisitiza kwamba haitoweki kwa kufichwa. Hivyo chuki inayokiriwa hadharani, ndani ya mipaka inayoheshimiwa na wote, hufungua njia ya kusameheana kwa dhati.